Krismasi ya mtoto, Krismasi ya mama

SEHEMU YA 1

Kila Desemba pale kliniki ya mama na mtoto swali huwa ni lile lile. Mama anamtoa mtoto kwenye mzani, anamvalisha, halafu anauliza kama anatania: Sista, hivi mbona Krismasi siku hizi hainifurahishi kama zamani? Wengine wanashusha sauti na kusema labda imani imepoa. Wengine wanasema ni maisha tu yamekuwa magumu. Na wapo wasiothubutu kuuliza kabisa, maana mama asiyefurahia sikukuu anaonekana ana roho mbaya.

Wengi nimewajibu haraka haraka kwa sababu foleni ni ndefu. Leo naomba nijibu taratibu, kwa sehemu kadhaa, msome mtoto akishalala. Sitaanza na ushauri. Nitaanza na historia, kwa sababu naona sehemu kubwa ya jibu imekaa huko.

Kwanza kumbuka Krismasi ya ulipokuwa na miaka saba. Nguo imeshonwa kwa fundi, kubwa kidogo ili uivae hadi mwakani. Viatu vinabana lakini husemi. Kuna ubwabwa na nyama, na soda moja ya chupa ambayo unainywa kidogo kidogo ili uwe wa mwisho kumaliza, wenzako wakutamani. Unatoka kanisani unazunguka nyumba za majirani, unarudi jioni tumbo limejaa na nguo ina doa. Kazi yako siku hiyo ilikuwa moja tu, kufurahi.

Sasa njoo ulivyo leo. Tarehe 25 ukiiangalia, unaona tarehe 5 Januari imesimama nyuma yake. Unaona nauli kwenda na kurudi mara watu wanne, zawadi ya mama mkwe, mchango wa mbuzi, sare za shule, na dada wa kazi ambaye naye ana kwao anataka kwenda. Unaona sufuria. Yaani mimi nikisikia neno Krismasi, kitu cha kwanza kinachonijia ni sufuria kubwa jeusi na mgongo unaouma.

Je, ni wewe umebadilika au ni sikukuu? Vyote viwili. Na nitatumia sehemu ninayoijua, yaani Mlima Kilimanjaro. Nimezaliwa Marangu kwa Walutheri, nimeolewa Kibosho kwa Wakatoliki, kwa hiyo nyumbani kwetu inaitwa Krismasi na ukweni inaitwa Noeli, na pote naosha vyombo. Nyie wa Bukoba, Songea, Mbeya, Machakos, mtajiona humu humu.

SEHEMU YA 2

Tunadhani Krismasi ilizaliwa ikiwa na soda mkononi. Hapana. Kwa miaka mingi sana haikuwa sikukuu ya watoto, na wala haikuwa kubwa hivyo.

Wakristo wa karne za mwanzo sikukuu yao ilikuwa Pasaka. Kumbukumbu ya zamani kabisa inayoiweka Krismasi tarehe 25 Desemba imo katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, zaidi ya miaka mia tatu baada ya Yesu. Baada ya hapo ikawa sikukuu ya ibada, na nje ya kanisa ikawa siku ya watu wazima kula na kulewa. Ndiyo maana Waprotestanti wakali waliichukia. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza liliipiga marufuku. Ng'ambo ya bahari, Massachusetts, kuanzia 1659 ukikamatwa unaisherehekea unatozwa faini ya shilingi 5, na sheria hiyo ilikaa mpaka 1681. Na Uskoti, nchi ya Kikristo kabisa, haikuifanya Krismasi kuwa siku ya mapumziko ya taifa mpaka 1958. Hebu fikiria, 1958 bibi zetu Marangu walikuwa wameshaizoea Krismasi kiasi cha kuilalamikia.

Krismasi ya mtoto kukaa katikati ya nyumba, na mti, na zawadi, imekuja karne ya 19, hasa kutoka Ujerumani na Uingereza. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuchapwa ilitoka London mwaka 1843. Mwaka 1848 gazeti moja la Kiingereza lilitoa picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, aliyekuwa Mjerumani, wamezunguka mti pamoja na watoto wao. Picha ile ikapendwa, familia zenye uwezo zikaiga, ikasambaa.

Hapa naomba usimame nami kidogo. Iangalie picha ya namna ile kwa jicho la mwanamke aliyewahi kupikia watu thelathini. Mama amekaa. Nguo yake haina moshi. Ameshika mtoto, anatabasamu. Unajua kwa nini? Kwa sababu chini kule jikoni kuna wapishi na vijakazi. Familia za Uingereza zilizokuwa na Krismasi ya namna ile zilikuwa na watu wa kuwafanyia kazi. Sisi picha ilitufikia, vijakazi hawakutufikia. Tukaambiwa mama awe amekaa anatabasamu na awe jikoni, kwa wakati mmoja.

Huku kwetu pwani sikukuu hii ilikuwa na sura nyingine kabisa. Juni 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa, na tarehe 25 Desemba mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, pale pale penye soko. Waliolelewa na misheni ile, kule Kiungani na Mbweni, wengi walikuwa watoto waliookolewa utumwani. Hawakuwa na mlima wa kurudi Desemba. Mama zao walikuwa mbali, au wamekufa, au hakuna aliyejua wako wapi. Siku nyingine nikichoka na mambo ya sikukuu huwa nawakumbuka watoto wale, walioimba Krismasi bila mtu wa kuwaambia waende wakanawe miguu.

SEHEMU YA 3

Tupande mlimani sasa. Mapadre Wakatoliki walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Kibosho mwaka 1893. Mwaka huo wa 1893 Walutheri wa Leipzig walifika Machame, kisha wakaenea Mamba na Moshi ya juu. Hawa walikuwa Wajerumani, watu wa mti wa Krismasi wenyewe. Lakini sherehe hawakuileta wao. Mlimani watu walishakuwa na sherehe zao za kuchinja, na pombe ya mbege, na utaratibu mkali wa nani anapewa kipande gani cha nyama. Krismasi ilikuja ikakaa juu ya vitu hivyo. Ndiyo maana hadi leo ukiwaambia watu Krismasi ya mlimani bila mbuzi wanakuangalia kama umetukana.

Sasa mbege haijitengenezi. Kwa ambao hamjui: ndizi zinaivishwa, zinamenywa, zinapikwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi unalowekwa uote, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji. Kuna gome la msesewe la kutia uchungu. Vinachanganywa, vinachujwa, na ukikosea siku moja imeharibika. Ni kazi ya zaidi ya wiki, na toka zamani ni kazi ya wanawake. Weka juu yake majani ya ng'ombe, ambaye mlimani anafugwa ndani, kwa hiyo analetewa. Wanawake walishuka tambarare kukata majani na kupanda nayo kichwani, safari ya saa nyingi. Ng'ombe hajui kama leo ni sikukuu.

Halafu ikaja kahawa. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Wachaga wakapanda kahawa katikati ya migomba yao, mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama cha ushirika ambacho baba zetu walikitaja kwa heshima kama wanavyotaja kanisa. Kahawa inachumwa nusu ya pili ya mwaka, kwa hiyo ikikaribia Desemba pesa ilikuwa inazunguka. Pesa hiyo ndiyo iliyolipa ada, ndiyo iliyoezeka mabati, na ndiyo iliyonunua nguo za Krismasi.

Ila kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Huo ndio mgawanyo wa kihamba, watafiti wengi wameuandika, na sisi tuliokulia humo hatukuhitaji mtafiti. Kwa hiyo Krismasi ilitoka mfukoni mwa baba na mikononi mwa mama. Mtoto anakumbuka nini? Anakumbuka siku baba alipomshika mkono wakashuka Moshi mjini kununua viatu. Hakumbuki aliyekuwa macho saa kumi alfajiri anachochea moto, kwa sababu saa hizo yeye alikuwa amelala. Tunapomkumbuka mzazi wa Krismasi tunamkumbuka aliyenunua, na huu ni upungufu wa kumbukumbu ya mtoto, si kosa la baba. Baba naye alikuwa anahesabu senti za kahawa na kumficha mama deni. Kuna wanaume wanaosoma hapa kimya kimya, nawaona, nanyi mna Desemba yenu.

Na safari ya kurudi nyumbani ilitoka wapi? Ardhi. Vihamba vinagawanywa kwa watoto wa kiume, na mdogo wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Vizazi viwili vitatu kihamba kimekuwa kipande cha bustani. Vijana wakatoka: Arusha, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Nairobi, wengine kwa biashara, wengine kwa shule, maana mlima ulipenda shule. Lakini makaburi yako kihambani, na bibi yuko kihambani. Ni lini mwajiriwa na mwanafunzi wanaweza kurudi kwa pamoja? Shule zimefungwa Desemba, kazini kuna likizo, tarehe 25 na 26 zote ni mapumziko. Basi mlima ukajifungia siku hizo. Ndoa zikapangwa Desemba, kipaimara Desemba, kusuluhisha ugomvi wa mipaka Desemba, na mwenye kuomba msamaha akashika jani la sale akaenda kwa nduguye, Desemba. Mambo ambayo zamani yalisambaa mwaka mzima yakabanwa kwenye wiki mbili.

Kwa hiyo, mama, unaposhuka kwenye basi tarehe 22 na kuhisi umebeba kitu kizito kuliko begi, hujakosea. Umeingia kwenye wiki mbili zenye kazi za mwaka mzima, na kazi hizo zina jikoni moja.

SEHEMU YA 4

Mlisema kwenye maoni nisiisahau miaka ya foleni. Siwezi kuisahau, wagonjwa wangu wazee hawaongei kingine.

Vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa 1978, na miaka iliyofuata madukani hakukuwa na kitu. Sukari kwa mgao, sabuni kwa mgao, kitambaa kwa bahati. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, na watu wakaogopa hata kuonekana na mche wa sabuni wa ziada. Mama wa miaka hiyo alianza kuiandaa Krismasi Septemba: nusu kilo ya sukari inafichwa kwenye kopo, inaongezwa, inafichwa tena. Ikipatikana jora moja dukani kwa ushirika, watoto wote wa nyumba, wa kike na wa kiume, wanashonewa kitambaa hicho hicho. Kanisani familia unaitambua kwa mbali, kama timu ya mpira.

Na sasa waulize waliokuwa watoto miaka ile, leo wana hamsini na kitu. Wengi watakuambia hakujawahi kuwa na Krismasi tamu kama zile. Mimi jambo hili linanishangaza kila mara. Mwaka ambao nchi haina sukari, mtoto anakumbuka utamu. Halafu waulize mama zao. Utaona mtu anatazama pembeni. Mama mmoja niliyemuuguza, sasa ni marehemu, alinieleza kwamba kuanzia 1980 hadi 1984 hakukaa mezani hata Krismasi moja. Si kwa sababu ya kazi tu. Chakula hakikutosha, na ukikaa mezani watu wanaona kama sahani yako ina kitu. Basi akabaki amesimama, anahudumia, anasema ameshakula jikoni. Watoto wake walikua wakiamini mama yao hapendi wali.

Kuanzia katikati ya miaka ya 80 biashara ikafunguliwa. Mitumba ikaingia, nguo ya Krismasi ikaacha kuwa ya fundi. Soda ikawa kreti. Kahawa nayo ikaporomoka bei, na watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi, kwa hiyo mfuko wa Krismasi ukahama kutoka kihambani kwenda kwa mtoto aliyeko mjini. Hili ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana. Zamani nyumbani ndiko kulikulisha wewe uliyerudi. Sasa wewe unayerudi ndiye unayekwenda kukulisha nyumbani, na watu wote barabarani wanaliangalia buti la gari lako.

Usafiri nao una historia yake. Treni ya abiria ya kutoka Dar kwenda Moshi iliacha kazi miaka ya 90, na kwa zaidi ya miaka 20 watu wote wakabebwa na barabara moja. Ilirudi Desemba 2019, na usiniambie mwezi ule ulichaguliwa kwa bahati mbaya. Wenye watoto wadogo, treni ni polepole lakini mtoto anaweza kusimama, kutembea, kulala. Mimi naipenda.

SEHEMU YA 5

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nianze kuandika. Kama umejifungua Oktoba, Novemba au Desemba hii, soma mara mbili, kisha mpe mumeo asome.

Zamani mlimani mwanamke akijifungua alikuwa anakaa ndani miezi mitatu hivi. Anapikiwa mtori, anapewa maziwa, damu na nyama, hachoti maji, hakati majani. Mwanamume aliyeshindwa kumlisha mkewe mzazi alidharaulika kijiji kizima. Otto Raum, katika kitabu chake cha 1940 kuhusu utoto wa Wachaga, ameandika jinsi siku za kukaa ndani zilipokwisha mzazi alivyotoka: amenyolewa nywele, amevikwa shanga kichwani, ameshika fimbo, anakwenda sokoni taratibu na mtoto wake, na watu wanampokea kwa nyimbo za namna ile ile wanazopokea wapiganaji waliorudi vitani. Kama wapiganaji! Watu wale hawakuwa na mashine ya kupima presha, lakini walijua aliyejifungua ametoka wapi.

Sasa niambie Desemba yetu inafanya nini. Mama ana wiki tano tangu ajifungue, pengine kwa upasuaji. Anapanda basi saa kumi na moja alfajiri, anakaa zaidi ya saa kumi amekunja miguu na mtoto mapajani. Hanywi maji ili asisumbue dereva kwa haja ndogo. Akifika, nyumba ina watu ishirini na tano, na kwa sababu yeye ni mke wa kaka mkubwa, au ndiyo mara yake ya kwanza ukweni, anataka kuonyesha kwamba ameolewa mtu. Anainama kwenye sufuria. Hakuna aliyemlazimisha kwa maneno. Watu wanasema tu, kwa upole, kwamba wageni wamefika.

Tumechukua sherehe ya zamani tukaacha kinga ya zamani. Mkwe anayesema mila inataka mke apike, mwulize mila inasemaje kuhusu mzazi. Mila iko upande wako, mama. Sijawahi kuona hoja inayowanyamazisha wazee wa kwetu haraka kama hii, na nimeitumia.

Kitaalamu ni hivi. Wiki sita za kwanza baada ya kujifungua damu ya mama huganda kwa urahisi kuliko kawaida, na kukaa bila kusogea muda mrefu kunaongeza hatari. Mguu mmoja ukivimba, ukauma, ukawa wa moto, au kifua kikabana ghafla na pumzi ikakatika, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mbuzi ndiyo anachinjwa. Vivyo hivyo damu inayotoka nyingi au yenye harufu mbaya, homa, kichwa kinachogonga na macho kuona ukungu, kidonda cha upasuaji kinachotoa usaha. Presha ya uzazi inaweza kupanda hata baada ya kujifungua, wengi hawajui. Kama unaweza kusubiri, usisafiri. Kama ni lazima, simama na kutembea kila basi linaposimama, kunywa maji, na mwombe dereva bila aibu.

Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Shangazi zake watataka kumwonjesha mtori na wengine, Mungu awasamehe, kidole cha mbege. Kataa ukicheka, lakini kataa. Kadi ya kliniki iwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini ya basi. Kama chanjo ya wiki sita, kumi au kumi na nne inaangukia huko, au ya miezi tisa, kituo chochote cha afya kinachotoa chanjo kitamchoma, usisubiri hadi urudi. Na kila anayetumia dawa za kila siku, za presha, sukari, au za CTC, ahesabu vidonge vya siku zote za safari na aongeze vya wiki moja, maana tiketi za kurudi hukosekana. Januari kliniki yetu inajaa watu walioacha dawa kwa sababu ya sherehe, na wengi wao wanafika hali imeshakuwa mbaya.

SEHEMU YA 6

Mmeuliza sana kuhusu umri, kwamba raha huwa inarudi au ndiyo basi. Nawaambia ninavyowaona watu.

Kijana wa miaka ishirini anachoshwa. Anaona mlima una baridi na maswali mengi: unaoa lini, umepata kazi. Anabaki mjini. Mwacheni, atarudi akiwa na mtoto, maana mtu akishapata mtoto wa kumwonyesha bibi, barabara inakuwa fupi. Bi harusi mpya ndiye mwenye Krismasi ngumu kuliko wote, kila kitu ni mtihani na hajui msahihishaji ni nani. Mama wa watoto wadogo anachoka lakini ana dakika zake, pale mtoto anapokiona kiatu kipya. Dakika hizo ni za kweli, zihesabu. Kwenye arobaini watu wengi wanaanza kuzika wazazi, na Krismasi inakuwa siku ya kuhesabu viti. Nesi aliye zamu tarehe 25 ana Krismasi yake ya chai ya rangi na keki iliyoletwa na ndugu wa mgonjwa, na nisiwadanganye, miaka mingine nimeomba zamu hiyo mwenyewe.

Na kuna mambo yanabadilika, taratibu. Mchango wa ndugu sasa unapita kwenye simu kuanzia Agosti, kidogo kidogo, na kuna mweka hazina anayejulikana, kwa hiyo hakuna anayeumbuka Desemba. Kuna nyumba zinazopokezana: mwaka huu kwa mume, mwakani kwa mke, na wazazi wa mke wamegundua kumbe nao wana mkwe. Kuna zinazolipa akina mama wa kijijini wapike siku mbili, na akina mama hao wanapata pesa ya sare za Januari. Mwaka 2016 elimu ilifanywa bila ada hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na viatu havijawahi kuwa bure. Na wanaume wetu wa mlimani, ambao kuchinja, kubanika na kugawa nyama ni kazi yao toka enzi na enzi, wapo walioanza kumenya ndizi. Shemeji yangu mmoja mwaka juzi aliosha masufuria yote. Baba yake alitazama, akasogeza kiti karibu, akaanza kumpigia hadithi ili asichoke.

Bibi zetu je? Wao ndio wanaoisubiri kwa hamu kuliko watoto. Bibi anafagia uwanja tangu tarehe 15, anasikia kila gari linalopanda. Kwa wiki moja nyumba inajaa hadi watu wanalala chini, anapigiwa picha, ananunuliwa kitenge. Kisha tarehe 2 Januari magari yanashuka yote kwa pamoja. Nimefanya kazi zahanati ya vijijini, najua wiki ile ya pili ya Januari: wazee wanakuja na presha imepanda, hawalali, chakula hakipiti. Ukiuliza kinachouma wanashika sehemu tofauti tofauti. Walikula chumvi na nyama nyingi kuliko mwaka mzima, ni kweli, na dawa walizisahau. Lakini pia nyumba imekuwa kimya ghafla, na zile sufuria kubwa zimebaki kwao kuzihifadhi hadi mwakani.

Kwa hiyo kabla hamjashuka, mmoja wenu azihesabu dawa za bibi kwenye kikopo na kumwandikia namba za siku kwa herufi kubwa. Mjukuu mmoja abaki naye hadi shule zifunguliwe, kama inawezekana. Na simu ya kuuliza mmefika salama isiwe ya mwisho. Mpigie tena tarehe 10, usiku, saa zile ambazo mlikuwa mmekaa naye jikoni.